Chumvi, Sukari na Mafuta Yanapokutana na Maji



Wanafunzi wetu wapenzi na wazazi wetu watukufu, kila siku ndani ya majumba yetu kuna mambo manne hupita mbele ya macho yetu na wala hatuyaulizi. Chumvi hutiwa katika mchuzi ikatoweka. Sukari hutiwa katika chai nayo ikatoweka. Mafuta ya nazi hudondoka katika ndoo ya maji yakabaki juu yanaelea. Kisha mkono ule wenye mafuta hupakwa sabuni, na maji yaliyokuwa yakiyakataa mafuta sasa huyachukua yakaenda nayo.

Je, chumvi ilikwenda wapi? Kwa nini mafuta hayakwenda huko? Na sabuni imefanya nini hata maji na mafuta yakapatana?

Huenda mtu akasema kwamba haya ni mambo ya kidato cha pili na cha tatu, na kwamba mama wa nyumbani au kijana wa darasa la tano hayamhusu. La hasha! Kwa kuyajua haya mzazi ataelewa kwa nini maji ya chumvi na sukari humwokoa mtoto anayeharisha, na kwa nini kipimo chake hakichezewi. Na mwanafunzi anayepewa zamu ya kuosha choo ataelewa kwa nini dawa mbili za kusafishia zikichanganywa zinaweza kumuua mtu. Hivyo basi tunaomba makala hii isomwe hadi mwisho, na ikiwezekana isomwe na familia nzima pamoja.

ATOMU NA ELEKTRONI ZAKE

Vitu vyote tunavyovishika vimejengwa kwa chembe ndogo mno ziitwazo atomu. Katikati ya atomu mna kiini chenye chaji chanya, na pembezoni mwake mna elektroni zenye chaji hasi. Elektroni hizi hukaa kwa tabaka. Tabaka la ndani kabisa huchukua elektroni 2, na linalofuata huchukua 8. Atomu nyingi hutulia pale tabaka lao la nje linapokuwa na elektroni 8. Isipotimia hivyo, atomu hutafuta namna ya kutimia, na huipata kwa kuungana na atomu nyingine. Muungano huo ndio tunaouita kifungo cha kemikali, na kitu kinachopatikana kwa kuunganika atomu za aina mbalimbali huitwa kampaundi.

Tuchukue mfano wa chumvi ya mezani. Chumvi imeundwa kwa vitu viwili, sodiamu na klorini. Sodiamu ni metali laini inayokatika kwa kisu, na ikitupwa katika maji hulipuka moto. Klorini ni gesi ya rangi ya kijani iliyochanganyika na manjano, nayo ni sumu. Katika Vita Kuu ya Kwanza, tarehe 22 Aprili 1915, jeshi la Ujerumani liliifungulia gesi hii karibu na mji wa Ypres nchini Ubelgiji, na askari wengi wakafa kwa kukosa pumzi. Tazameni basi: kimoja kinalipuka, kingine kinaua, lakini vikifungamana vinakuwa chumvi tunayoitia katika wali. Kitu kikiingia katika kifungo, tabia yake hubadilika kabisa. Somo hili tulihifadhi vizuri, kwani tutalihitaji huko mbele.

AINA MBILI ZA VIFUNGO

Kifungo cha kwanza ni cha kutoa na kupokea. Atomu ya sodiamu ina elektroni 11, yaani 2, kisha 8, kisha 1 peke yake kule nje. Atomu ya klorini ina elektroni 17, yaani 2, kisha 8, kisha 7. Sodiamu ina moja iliyozidi, klorini imepungukiwa moja. Sodiamu hutoa elektroni yake, klorini huipokea, na wote wawili wametulia. Lakini aliyetoa kitu chenye chaji hasi amebaki na chaji chanya, na aliyepokea amekuwa na chaji hasi. Atomu yenye chaji huitwa ioni. Chanya na hasi huvutana, na mvutano huo ndio kifungo cha chumvi. Ndani ya punje moja ya chumvi kila ioni ya sodiamu imezungukwa na ioni 6 za klorini, na kila ya klorini imezungukwa na 6 za sodiamu, zimejipanga safu kwa safu kama matofali. Mpango huu una nguvu sana, hata chumvi haiyeyuki kwa moto mpaka joto lifike nyuzi 801 za Selsiasi.

Kifungo cha pili ni cha kushirikiana. Hapa hapana anayetoa wala anayepokea. Atomu mbili huweka elektroni zao pamoja, na kila mmoja akazihesabu kuwa ni zake, mfano wa majirani wawili wanaochimba kisima kimoja mpakani. Mwanakemia wa Marekani Gilbert Lewis ndiye aliyeeleza jambo hili la jozi ya elektroni inayoshirikiwa, katika makala yake ya mwaka 1916. Sukari, mafuta na maji yenyewe vyote vimejengwa kwa kifungo cha namna hii. Kundi la atomu zilizoshikana kwa kushirikiana huitwa molekyuli.

MAJI YANA PANDE MBILI

Molekyuli ya maji ina atomu moja ya oksijeni na mbili za haidrojeni. Wanashirikiana, lakini ushirika wao si wa sawasawa. Oksijeni ina nguvu zaidi ya kuvuta, hivyo elektroni huelemea upande wake. Kwa ajili hiyo upande wa oksijeni huwa na uhasi kidogo, na upande wa haidrojeni huwa na uchanya kidogo. Tena molekyuli hii haikunyooka, bali imepinda kwa pembe ya nyuzi 104.5, haidrojeni zote mbili zikiwa upande mmoja. Lau ingelikuwa imenyooka, pande hizi zingelifutana na maji yasingelikuwa na tabia tunayoijua.

Kwa hiyo kila molekyuli ya maji ina kichwa hasi na mkia chanya. Kichwa cha moja huushika mkia wa nyingine, na hivi ndivyo maji yanavyoshikana. Ndiyo maana tone la maji hujikusanya likawa duara juu ya jani la mgomba. Kumbukeni neno hili la pande mbili, kwani ndilo ufunguo wa yote yanayofuata.

CHUMVI IKIINGIA MAJINI

Chumvi inapotiwa katika maji, molekyuli za maji huzizunguka punje zake. Zile pande hasi za maji huzikabili ioni za sodiamu, na zile pande chanya huzikabili ioni za klorini. Huzing'oa moja moja kutoka katika safu na kuzizingira, hata zisiweze kurudiana. Chumvi haikupotea, na ladha yake ni ushahidi. Iliyokuwa punje moja imekuwa mamilioni kwa mamilioni ya ioni zilizotawanyika. Maji yakikaushwa kwa jua, ioni hukutana tena na chumvi huonekana, na hivi ndivyo wavunaji wa chumvi wa mwambao wetu wanavyoipata katika mashamba yao. Lita moja ya maji ya bahari hubeba chumvi za aina mbalimbali zipatazo gramu 35.

Jambo hili la kutengana kwa ioni halikukubaliwa upesi. Kijana wa Sweden aitwaye Svante Arrhenius aliliandika katika tasnifu yake ya chuo kikuu cha Uppsala mwaka 1884, na walimu wake wakampa alama za chini. Hakukata tamaa, bali aliendelea kufanya utafiti na kuonesha ushahidi. Mwaka 1903 alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kazi hiyohiyo. Wanafunzi wetu, subira katika kutafuta elimu ina malipo.

Maji yenye ioni hupitisha umeme, kwani ioni ndizo zinazobeba chaji kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Maji ya kisima na ya bomba yana chumvichumvi ndani yake, na jasho letu pia. Kwa sababu hiyo tunakataza vikali kushika swichi, chaja au pasi kwa mkono uliolowa. Asijaribu mtu yeyote kutia waya za umeme wa nyumba katika maji kwa kutaka kuona. Jaribio hilo lina vifaa vyake, na hufanywa skuli mbele ya mwalimu.

SUKARI IKIINGIA MAJINI

Sukari nayo hutoweka, lakini njia yake ni nyingine. Molekyuli moja ya sukari ina atomu 12 za kaboni, 22 za haidrojeni na 11 za oksijeni. Kandokando yake zimo sehemu nane ambapo oksijeni na haidrojeni zimeshikana, nazo zina uhasi na uchanya kama ule wa maji. Maji hushika sehemu hizo, huivuta molekyuli nzima na kuizunguka. Haivunjiki. Chumvi hugawanyika kuwa ioni, ama sukari hubaki molekyuli kamili. Ndiyo sababu maji ya sukari tupu hayapitishi umeme kama ya chumvi.

Kila kitu kina kikomo chake cha kuyeyuka. Katika gramu 100 za maji ya joto la kawaida huyeyuka chumvi gramu 36 hivi, na sukari gramu 200 hivi. Maji yakichemka, sukari huzidi sana, hata ikapita gramu 400, lakini chumvi huongezeka kidogo tu, hadi gramu 39 hivi. Mpishi wa halua analijua hili kwa mkono wake, hata kama hajalisoma kitabuni.

MAFUTA, SABUNI NA MAJI YA KISIMA

Ama mafuta, molekyuli zake ni minyororo mirefu ya kaboni na haidrojeni. Hawa wawili hushirikiana karibu sawasawa, hivyo karibu mnyororo mzima hauna upande hasi wala chanya. Maji hayapati pa kushika. Yanaendelea kushikana yenyewe kwa yenyewe, na mafuta huachwa kando. Tena mafuta ni mepesi kuliko maji ya ujazo huohuo, ndiyo yakaelea. Tusichanganye mambo mawili haya: kutoyeyuka ni kwa sababu ya vifungo, na kuelea ni kwa sababu ya wepesi. Mkono uliopakwa mafuta ukimwagiwa maji, mtaona yanateleza vidonge vidonge, na sababu yake ndiyo hiyo. Hukumu yake katika udhu imo katika somo letu la fiqhi.

Sabuni hutengenezwa kwa kupika mafuta pamoja na kostiki. Molekyuli yake ina mkia mrefu kama wa mafuta, na kichwa chenye chaji kama cha chumvi. Mkia hujichoma katika tone la mafuta, kichwa hubaki nje kikishikana na maji. Molekyuli nyingi zikilizunguka tone moja, maji hulibeba likaondoka. Kwa hiyo sabuni ni msuluhishi, anayezijua lugha za pande zote mbili.

Lakini akina mama wengi wa mwambao hulalamika kwamba sabuni haitoi povu kwa maji ya kisima, na badala yake huacha utando mweupe katika beseni. Visima vyetu vingi vimechimbwa katika jiwe la matumbawe, ambalo ni chokaa. Maji ya mvua yanapopenya katika jiwe hilo huchukua ioni za kalsiamu. Maji haya huitwa maji magumu. Ioni ya kalsiamu ina chaji chanya mbili, hivyo hukamata vichwa viwili vya sabuni kwa pamoja na kufanya kitu kisichoyeyuka, na huo ndio ule utando. Sabuni nyingi hupotea kabla nguo haijaanza kutakata. Chokaa hiyohiyo ndiyo inayoganda ndani ya birika la chai, na huondoka kwa kuchemsha maji yenye siki au ndimu. Maji magumu kwa kawaida hayamdhuru mnywaji, ila yanagharimu sabuni. Kwa kufulia, mtu akiweza kukinga maji ya mvua atafanya akiba kubwa, kwani maji ya mvua ni laini.

MAJI YA CHUMVI NA SUKARI KWA ANAYEHARISHA

Sasa tumefika pale tulipotaka hasa kufika. Mtu anayeharisha hupoteza maji na chumvi. Akipewa maji matupu tu harudishiwi chumvi aliyoipoteza, na utumbo hauyanyonyi maji hayo kwa wingi anaohitaji. Ukuta wa utumbo mwembamba una milango maalumu ambayo haipitishi glukosi peke yake, bali huipitisha pamoja na ioni za sodiamu. Wawili hawa huingia pamoja, na maji huwafuata. Mwanasayansi Robert Crane alilieleza jambo hili mwaka 1960. Sukari ya mezani ikifika tumboni huvunjwavunjwa ikatoa glukosi, na chumvi ndiyo inayotoa sodiamu. Kwa hiyo chumvi bila sukari haitoshi, na sukari bila chumvi haitoshi.

Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, kipindupindu kiliingia katika kambi ya wakimbizi huko Bongaon nchini India. Dripu zilikuwa haba. Daktari Dilip Mahalanabis aliamua kuwanywesha wagonjwa maji yaliyochanganywa chumvi na glukosi, na jamaa zao ndio waliowanywesha kikombe kwa kikombe. Kabla ya hapo walikuwa wakifa wagonjwa wapatao 30 katika kila 100. Baada ya hapo walikufa chini ya 4 katika kila 100. Sisi pia maradhi haya hatuko mbali nayo, kwani mwaka 2015 kipindupindu kilizuka Dar es Salaam na kikafika hadi Zanzibar.

Bora ni kutumia pakiti za ORS zinazopatikana kituo cha afya na duka la dawa, kwa kuwa zina na potasiamu ndani yake. Someni maandishi ya pakiti kabla ya kuchanganya, kwani ziko za lita 1 na ziko za nusu lita. Pakiti ikikosekana, mchanganyiko wa nyumbani ni huu:

1. Maji safi yaliyochemshwa yakapoa, lita 1 kamili.
2. Sukari, vijiko 6 vya chai vilivyosawazishwa juu kwa kisu.
3. Chumvi, nusu kijiko cha chai, nayo imesawazishwa.

Koroga mpaka viyeyuke vyote. Mpe mgonjwa kidogo kidogo, mara kwa mara, na akitapika subiri dakika 10 kisha uendelee polepole. Mtoto anyonyeshwe na alishwe kama kawaida. Mchanganyiko uliopita saa 24 umwagwe, ufanywe mwingine.

Kwa nini tunasisitiza kipimo? Kwa sababu maji huelekea kule kuliko na vitu vingi vilivyoyeyuka. Sukari ikizidi, maji hutoka mwilini yakarudi utumboni, na mtoto akazidi kuharisha. Chumvi ikizidi ni hatari kubwa zaidi, kwani kila chembe ya chumvi hutoa ioni mbili, na sodiamu nyingi katika damu inaweza kumletea mtoto degedege. Asiseme mtu, "Naongeza kidogo apone haraka." Maji haya hayafungi tumbo kwa siku moja, bali hurudisha kilichopotea. Mtoto mwenye macho yaliyodidimia, asiyekojoa, aliyelegea, asiyeweza kunywa, au anayetoa damu katika choo apelekwe hospitali mara moja, huku akinyweshwa njiani kama anaweza kumeza. Huko hupewa pia vidonge vya zinki vya siku 10 hadi 14, navyo vimalizwe vyote.

DAWA MBILI ZA KUOSHEA CHOO

Tulisema tulihifadhi lile somo la klorini. Klorini iliyofungwa katika chumvi haina madhara yake ya sumu. Lakini dawa ya kuondolea madoa, ambayo wengi tunaiita jiki, ina kampaundi ambayo kifungo chake cha klorini hufunguka kwa wepesi. Ikichanganywa na asidi, kama ile ya kuoshea choo, au hata siki na ndimu, gesi ya klorini hutoka, ileile iliyotumiwa vitani mwaka 1915. Ikichanganywa na dawa yenye amonia hutoa gesi nyingine mbaya, na mkojo uliokaa chooni nao una amonia ndani yake. Kwa hiyo choo kimwagiwe maji mengi kwanza, itumike dawa moja tu, na mlango uachwe wazi. Aliyesikia harufu kali, macho yakimuwasha na kifua kikimbana, atoke nje upesi apate hewa, asirudi, na amwite mtu mzima.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini chumvi ikiyeyuka hutoa ioni, ilhali sukari haitoi?
2. Taja sababu ya mafuta kutoyeyuka majini, na sababu ya kuelea kwake. Je, ni sababu moja?
3. Utando mweupe katika beseni la kufulia umetokana na nini?
4. Jirani ametengeneza maji ya mtoto anayeharisha kwa vijiko 6 vya chumvi na nusu kijiko cha sukari. Utamwambia nini, na utamweleza sababu gani?

Swali la nne tunataka kila mwanafunzi alijibu nyumbani mbele ya wazazi wake, kisha apime mwenyewe chumvi na sukari kwa kijiko huku wakimtazama. Siku itakapohitajika, hapatakuwa na wakati wa kuitafuta gazeti hili.

Wabillahi tawfiq.